Maghorofa ya Guangzhou hayakunishtua
Kuna makala nimeisoma inasema mgeni akifika Guangzhou, kule China, hushtushwa kwanza na maghorofa. Labda. Mimi mtu wa Kariakoo, nilipofuata mzigo mwaka 2019, aliyenishtua ni bibi muuza viazi vitamu vya kuchoma pale mtaa wa Xiaobei. Namnyooshea noti ya yuan 20, yeye ananionyesha kikaratasi chenye mraba wa vidoti kinachoning'inia kwenye mkokoteni: skani, lipa kwa simu. Noti hana haja nayo! Nikabaki nimeduwaa na njaa yangu. Mara nasikia nyuma yangu, lafudhi ya Kigoma kabisa, "Kaka, ngoja nikulipie." Weee! Nilishiba kabla ya kumenya kiazi. Huo mnara wao unaosifiwa, Canton Tower, mita 600, sijaupanda mpaka leo.