Harambee ya kodi yangu, na siku mshahara wangu ulitokea kwa tivi

Kabla hamjaendelea kunitumia pole na zile stika za kulia, jueni sijafungwa, sifukuzwi Marekani, na ile voisi ya kodi yangu inayozunguka kwa magrupu ya Wakenya wa Minnesota imetiwa chumvi. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, mnamjua, simtaji, amekula pilau ya shangazi yangu mpaka akafungua mshipi halafu akatoka nje kwa theluji kunichoma. Sasa nasema mwenyewe, na kwa bahati mbaya ukweli ni mbaya kushinda hiyo voisi yake.

Chuo nilimaliza huko Minnesota mwezi wa tano 2021, nikaanza kazi mwezi wa nane, katikati ya 2022 kampuni ikanihamishia Dallas. Wale mko huku mnajua vile kodi ni mbili, kuna ya serikali kuu na kuna ya steti. Ya serikali kuu nilikuwa najaza kila mwaka bila shida, na programu ya bure, niko kitandani na chai yangu. Ukimaliza tu inakuambia haya sasa twende ya steti, lakini hii ni ya kulipia. Mimi nikaona hawa ni kama yule muuza simu anayekubandika kava kwa nguvu, nikafunga, mwaka uliofuata nikafunga tena. Halafu nikafika Texas, na Texas haina kodi ya steti ya mshahara, watu wa huku wanajisifia hiyo kitu mpaka kwa mazishi, basi nikajiaminisha kwamba na Minnesota nayo imeshanisahau.

Na kazi yangu, tafadhali msicheke, ni kukagua fomu za watu. Ukiacha kisanduku kimoja wazi nakurudishia zote.

Twende Jumamosi sasa. Shangazi alikuwa na sherehe kwake Brooklyn Park, binti yake amemaliza unesi, nikapanda ndege kwenda, baridi ni ile ya Januari ya kugandisha kope. Nyumba imejaa, kina mama jikoni, wazee kwa sofa, na nyanya yuko kwa video kutoka Voi, kwa simu ya shangazi iliyoegemezwa kwa flaski, kwao ilikuwa saa nne usiku lakini amekataa kulala. Mimi kwa kiherehere changu nikaunganisha simu yangu na tivi ili watu waone picha za gradi. Shikeni hapo, simu yangu na tivi.

Katikati ya kula shangazi akakumbuka. "Baba, kuna barua zako hapa tangu lini sijui." Akazitoa kwa droo ya mishumaa, furushi zima limefungwa na raba. Nikanyoosha mkono lakini mjomba alikuwa karibu. Sasa huyu mjomba alikuwa hedimasta, karatasi ikipita mbele yake lazima isomwe, na isomwe kwa sauti ya paredi. Akavaa miwani. Akasoma ya kwamba ofisi ya kodi ya jimbo haijaona ritani yangu ya 2022, na nisipoileta wataijaza wenyewe kwa yale wanayoyajua na kunidai.

Kimya. Mama mmoja kutoka jikoni akauliza, "Uhamiaji?" Na hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu hilo neno huku likishatajwa hakuna mtu anasikia lingine. Nikasema si uhamiaji, ni kodi. Mwingine akasema wanaanzaga hivyo hivyo na kodi. Pasta akainuka na mfupa bado mkononi akakemea roho ya madeni. Kabla ya amina mzee mmoja ameshatoa wallet, akasema kijana wetu hawezi kuaibishwa na serikali ya watu tukiwa hapa, anafungua na dola hamsini. Hotpoti ya chapati ikamwagwa chapati zikawekwa kwa sinia, hotpoti ikaanza kuzunguka. Wasio na kashi wakatuma kwa simu na Zelle, ile ya kutumiana pesa kutoka benki. Mimi nilijaribu kuwaambia wangoje kwanza, aki nilijaribu, lakini ilipofika kwa wale wa mia mia nikaona wacha watu wabarikiwe kwa kutoa.

Kulikuwa na dada mmoja hapo, mhasibu. Nilikuwa nimemketia karibu tangu nifike, nimeshamwelezea vile niko makini na makaratasi. Akaninong'oneza, "Unadaiwa ngapi kwanza? Fungua W-2 yako, ile fomu ya mshahara wa mwaka mwajiri anakupa, tuone."

Nikashika simu. Nikafungua intaneti niingie kwa akaunti ya kazi, na nilipogusa pale pa kuandika, vile vitu nilivyowahi kutafuta vikashuka kwa orodha. Ya kwanza: "steti ikikutafuta na umehama inakuwaje". Ya pili: "unaweza kufungwa kwa kodi ya steti". Mimi nimeinama, sioni kitu, naona tu yule dada ameinua macho anaangalia juu ya kichwa changu. Nikadhani anamwangalia mtoto.

Ikafunguka. Wi-fi ya shangazi ni ya pole pole, kwa hivyo ile fomu ilishuka kipande kwa kipande, jina langu, anwani ya kampuni, halafu kisanduku cha kwanza. Kilichonishtua ni kwamba watu waliacha kutafuna. Nyumba ya watu wote hao, pilau, na husikii kijiko. Binamu yangu mdogo, ako na miaka tisa na anapenda kusoma kila kitu, akasoma: "Sabini na moja elfu, mia nne."

Nikageuka. Inchi sitini na tano za mshahara wangu wa 2022.

Lazima niwaambie kitu kingine ndio mwelewe vile niliumia. Hiyo 2022 ndiyo mwaka nilimwambia nyanya Dallas ni kugumu, aningoje na mabati ya nyumba yake, tunakula mara moja kwa siku. Nikaruka kuzima, vidole vinatetemeka, badala ya kutoka ikakuza. Sasa ilikuwa hiyo namba peke yake, tivi nzima. Mjomba akatoa simu, akazidisha kwa 129, akatangaza, "Milioni tisa na laki mbili." Shangazi, bila kusema neno, akaisogeza flaski ili nyanya aone vizuri.

Nyanya akanyamaza kidogo, nikadhani netiweki imekatika. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Na mabati, mjukuu wangu?"

Yule mzee wa hamsini akaenda kwa hotpoti akachukua yake.

Yaliyobaki ni ya haraka. Dada alipiga hesabu nyuma ya bahasha yangu mwenyewe. 2021 nilifanya kazi miezi mitano tu lakini walikuwa wananikata kama mtu wa mwaka mzima, kwa hivyo steti ilikuwa na pesa yangu, kama dola mia tano. Ningejaza ningerudishiwa. Ulikuwa na miaka mitatu na nusu ya kuidai kuanzia Aprili 2022, akasema, imekatika Oktoba juzi. Na 2022 je? Hiyo wanaangalia mshahara wa mwaka mzima, hata ule wa Texas, kupata kiwango, halafu wanakutoza sehemu ya Minnesota, nadaiwa dola 118 na faini na riba juu. Nikamuuliza na hiyo yao haikatiki? Akasema ritani ambayo hukujaza, wao wanaweza kukudai wakati wowote. Yangu imekatika yao haikatiki! Niliomba maji.

Harambee haikurudishwa yote, mjomba aliigeuza kuwa kamati ya paa palepale, mimi nikiwa mchangiaji mkuu, rafiki yangu mweka hazina (huyo huyo wa voisi). Mabati yameshanunuliwa, geji 28, nyanya alikataa yale mepesi. Fomu za Minnesota nimetuma kwa posta, ile kuu inaitwa M1 na ile ya waliohama, nimekagua kila kisanduku.

Na wale mnaniuliza inbox kuhusu yule dada mhasibu, ndiyo, alinitafuta mwenyewe Jumatatu. Alikuwa anatuma bili yake.