Dunia pepe haikuwa miwani

Kila kampuni kubwa inapopunguza wafanyakazi wa kitengo chake cha uhalisia pepe, kauli ile ile inarudi: dunia pepe zimekufa, zilikuwa mbwembwe za mwaka 2021. Inaniudhi, kwa sababu wanaoitoa wanazika kitu ambacho hawajawahi kuingia ndani yake. Walichokiona ni miwani. Facebook ilipojiita Meta Oktoba 2021, watu waliaminishwa kwamba dunia pepe ni kitu cha kuvaa usoni. Miwani ilipowashinda bei, au ilipowaumiza kichwa, wakahitimisha kwamba dunia yenyewe imeshindwa.

Second Life, dunia pepe inayoingiliwa kwa kompyuta ya kawaida, ilifunguliwa Juni 2003, kabla hata Facebook haijazaliwa, na mpaka leo watu wanaingia kwa kibodi na kipanya tu. Kinachowarudisha ni kujenga. Ardhi imegawanywa maeneo ya mita 256 kwa 256, na ukishapata kipande unaanza na boksi, tufe na mcheduara. Unavinyoosha, unavitoboa, unaviunganisha, mpaka panatokea mahali pa kumkaribisha mtu. Mwaka 2006 na 2007 mashirika yalikimbilia huko: Reuters ikaweka mwandishi, Maldives ikafungua ubalozi. Maduka mengi ya makampuni yalibaki matupu, na sababu iko wazi. Waliweka mabango bila mwenyeji. Watu huvutwa na aliyekaa barazani, kuta hawazifuati.

Sasa tuzungumze letu, maana hapa ndipo ninapoumia. Sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la kale la Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lamu, Pate na Mji Mkongwe kuna nyumba ambazo ramani zake zimo vichwani mwa wazee na mafundi, na picha za simu haziwezi kuzibeba. Picha inakuonyesha zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Haikuonyeshi jinsi unavyopita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, ukaingia tekani, njia ya kuingilia inayopinda ili mpita njia asione ndani, ukatokea kiwandani, yaani uani penye mwanga, kisha misana, vile vyumba virefu vyembamba, kisha ndani, chumba cha faragha, na kila hatua inakutoa kwenye macho ya mtaa na kukuingiza katika faragha ya wenyewe. Jambo hilo hufahamika kwa kutembea, na dunia pepe ni chombo cha kutembelea. Jengo la namna hii linaweza kupandishwa na vijana watatu wenye futi ya kupimia, daftari na subira.

Ila watakosea, na kosa la kwanza ni la vipimo. Vyumba vya nyumba ya mawe ni vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya urefu wake. Kamera ya programu ya kutazamia, kwa kawaida, hukaa mita 3 nyuma ya avata, yaani umbo linalokuwakilisha humo, na sentimita 75 juu. Ukisimama katikati ya msana, kamera iko nje ya ukuta. Unatazama chokaa badala ya chumba. Wajenzi wengi hulitatua hili kwa kukuza nyumba nzima mara moja na nusu. Nawasihi wasifanye hivyo. Ukikuza nyumba, boriti inakuwa uongo, na sababu ya chumba kuwa chembamba inapotea pamoja na elimu yote iliyomo. Punguza kamera: kwenye mipangilio ya ndani ya Firestorm, mojawapo ya programu hizo za kutazamia, tafuta CameraOffsetRearView, badili -3 iwe -1.5, au bonyeza M utazame kwa macho ya avata mwenyewe. Na avata apunguzwe pia. Wengi wao wanapita mita 2, halafu watu wanaulaumu mlango kwamba ni mfupi.

Kosa la pili ni picha za kupaka kutani. Picha moja ya pikseli 1024 kwa 1024 yenye uwazi hula MB 4 za kumbukumbu ya kadi ya picha, na ya 512 kwa 512 hula MB 1 tu. Zidaka 60, kila kimoja na picha yake kubwa, ni MB 240 kwa ukuta mmoja, na kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake inaanza kukwama. Pangeni nakshi zote kwenye picha moja na kila kidaka kichukue kipande chake. Ukuta wa chokaa unahitaji picha moja ya 512 inayojirudia.

La tatu huwakatisha tamaa wengi. Ukichora ukuta wenye mlango kwenye Blender, programu ya kuchorea maumbo, na kuupakia kama umbo moja, umbo la mgongano, yaani lile lisiloonekana linalomzuia avata asipite, linaweza kutengenezwa kana kwamba ukuta wote umeviringishiwa shuka iliyovutwa. Mlango unauona uko wazi, lakini avata anagonga hewa. Jenga kizuizi kwa maboksi matatu, kushoto, kulia na juu ya mlango, na ule ukuta wenye nakshi ufanye usiogongwa.

Hayo yote hayahitaji kulipa kodi ya ardhi kwa wenye Second Life kule Marekani. OpenSimulator ni programu huria iliyoanza mwaka 2007, inafuata mtindo ule ule wa Second Life, na kwa eneo moja lenye wageni kumi hivi kompyuta ya ofisini iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha. Matoleo ya sasa yanahitaji .NET, programu ya Microsoft inayowezesha programu nyingine kufanya kazi. Ukiiwasha mara ya kwanza inauliza jina la eneo, mahali pake kwenye ramani na poti, yaani namba ya mlango wa mawasiliano, ambayo kwa kawaida ni 9000, kisha jina na nenosiri la mwenye eneo. Hapo wengi hujibu vizuri, wenyewe wakaingia, wenzao wakashindwa. Angalia faili la OpenSim.ini: BaseHostname, yaani anwani ya seva, ikiwa bado 127.0.0.1, anwani inayomaanisha "kompyuta hii hii", kompyuta za wengine zinaelekezwa kujitafuta zenyewe. Weka anwani halisi ya seva, mfano 192.168.1.10, na uifungie kwenye ruta isibadilike. Kisha fungua poti 9000 kwa TCP na UDP pia, njia mbili za kusafirisha data. Ukifungua TCP peke yake, nenosiri linakubaliwa halafu mgeni anakwama akisubiri kuingia.

Kuna jambo la umeme, na hili lichukuliwe kwa uzito. OpenSimulator haihifadhi kila tofali papo hapo. Husubiri angalau sekunde 60 kitu kitulie, na kikiwa kinaguswaguswa inaweza kufika sekunde 600. Umeme ukikatika, dakika 10 za kazi zinaweza kwenda. Andika amri ya backup kwenye dirisha la seva kila mnapomaliza kipande, na jioni andika save oar na jina la faili. Eneo lote, pamoja na picha zake, linaingia kwenye faili moja. UPS ndogo, betri ya dharura, inakupa muda wa kufanya hayo mawili.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba kuwaalika walio mbali ni kugumu. Mitandao mingi ya simu hugawa anwani moja kwa wateja wengi, kwa hiyo aliye nje hawezi kuifikia seva yako, na ni lazima ukodi seva mtandaoni. Lakini ndani ya chumba kimoja cha shule ujumbe unafika kwa milisekunde chache, bila bando. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika Mei 2024, mtandao wa ndani wa namna hii haukuwa na cha kukatikia.

Wenye kompyuta dhaifu zaidi waanze na Luanti, programu huria ya dunia ya matofali ya mita moja. Nakshi hazitapatikana, ila mpangilio wa nyumba utapatikana. Na anayedhani wakazi wa kawaida hawawezi, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lilianza mradi wa Block by Block mwaka 2012, na Kibera, Nairobi, palikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo wakazi walipochora uwanja wao kwa Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali.

Kisha mwiteni fundi wa mawe, mzee asiyejua kompyuta, akae karibu na anayeshika kipanya. Mtembezeni kutoka daka hadi ndani, polepole. Atawaambia tekani mmeipinda upande usio wake na kizingiti kimekaa chini mno. Rekebisheni akiwa bado pale, andikeni save oar, na nakala moja aondoke nayo kwenye flashi.