Mama Mkwe Kaondoka na Sweta Langu, Nami Nimelivaa

Wanaofuma huku wanatazama runinga wamejaa tele, na hakuna anayewashangaa. Mimi nilipotangaza nyumbani kwamba wiki yangu ya likizo nitafuma sweta huku nasoma vitabu, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Na kurasa utafunua kwa nini, meno?"

Meno hapana. Nilikiegemeza kitabu kwenye mto, nikabana kurasa pande zote mbili kwa vibanio vya nguo, nikakaa nacho uso kwa uso, kazi ya kufuma mapajani. Nikifika mwisho wa ukurasa nabandua kibanio, nafunua kwa ncha ya sindano, nabana tena, safari inaendelea. Mara chache, habari ikipamba moto, nilitumia kidevu. Mtambo ulifanya kazi vizuri na mpaka leo nausifu.

Siri ni aina ya sweta. Ukifuma vipande bapa, huku mbele, huku mgongo, inabidi kila safu ugeuze kazi na urudi kwa mshono wa kinyume, na hapo macho lazima yawepo. Lakini kuna sweta la kuanzia shingoni, la sindano ya mzunguko, zile ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini. Ukishapita mabega na kutenga mikono, kilichobaki ni kiwiliwili, yaani bomba tupu. Unazunguka tu, mshono uleule, mpaka kiunoni. Vidole vinajua njia. Macho yamekaa bure. Mimi nikayapa ajira.

Nilianza na kitabu cha historia ya ufumaji, kwa heshima ya kazi. Humo nikakutana na William Lee, Mwingereza aliyebuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Wasimulizi hudai aliibuni kwa sababu mwanamke aliyempenda alikuwa hanyanyui macho kwenye ufumaji hata akitembelewa. Malkia Elizabeth wa Kwanza akamnyima hataza, yaani haki ya kuumiliki ubunifu wake peke yake, inasemekana kwa kuwaonea huruma maskini waliokuwa wakijilisha kwa kufuma kwa mkono. Kipande hicho nilimsomea mke wangu kwa sauti. Akasema huyo Lee anamwelewa kabisa.

Historia ilitoa sweta zuri. Karatasi ya maelekezo ilitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Nikaweka rula, 22. Kuzunguka kifua ni vitanzi 242, ambavyo kwa kipimo hicho vinakupa sentimita 110. Mtu unavaa na unapumua.

Kisha nikashika riwaya ya upelelezi.

Maiti ndani ya maktaba, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo mfukoni mwa marehemu. Sikujua kwamba mikono nayo ilikuwa inasoma. Mpelelezi akinyemelea ngazi, nami naukaza uzi. Akishusha pumzi, nami nashusha, lakini uzi umeshakazwa. Nilipokuja kupima tena nikakuta vitanzi 26 kwa sentimita 10. Fanya hesabu: 242 vilevile, sasa ni sentimita 93. Sweta limenyang'anywa sentimita 17 na sijapunguza kitanzi hata kimoja. Baada ya hapo mwandishi akaona ni busara kutueleza utoto wa mpelelezi, kurasa kwa kurasa za shamba la babu yake, bata na kisima vikiwemo. Vidole vikalegea. Vitanzi 19. Sentimita 127.

Sweta lilipotandazwa kitandani, ungeweza kuisimulia riwaya nzima kwa kidole. Hapa kapatikana marehemu. Hapa babu. Hapa marehemu wa pili.

"Na hili tumbo hapa katikati," mke wangu akauliza, "ni la nani?"

"La babu."

Akanishauri nifumue. Nikakataa, na sababu ninazo. Sufu ukiiloweka, ukaikamua taratibu ndani ya taulo na kuitandaza ikiwa mbichi, hunyooka kiasi na vitanzi vikapatana. Ni kweli tupu, muulize mfumaji yeyote. Mke wangu, ambaye hafumi lakini hesabu anazijua, akasema kutoka 93 hadi 127 ni sentimita 34, na kwamba hilo si "kiasi", hiyo ni nafasi ya kuingia mtu mwingine.

Tukaliacha hapo, maana kulikuwa na jambo zito zaidi: uzi ulikuwa unaisha. Lile lilikuwa donge la mwisho, na wenzangu katika fani wanajua maana yake. Uzi hutiwa rangi kwa mikupuo. Ukinunua wa mkupuo mwingine, hata namba ya rangi ikiwa ileile, mahali ulipobadilisha panajitangaza. Kwa hiyo ule uzi wa mwisho niliulinda kwa macho mawili. Ncha yake, isije ikapotelea chini ya kochi, niliilaza ndani ya riwaya, ukurasa niliofikia. Ikawa ncha ya uzi na alama ya kitabu kwa mpigo.

Kabla ya kufunga ukingo wa chini nilitaka kujua urefu unatosha, na hilo hulijui mpaka ulivae. Sindano ilikuwa inabana makalio, nikaichomoa. Wanaofuma wameshika vichwa. Vishusheni. Unywele wa sufu una magamba madogo yanayoshikana na wenzake, na kitanzi kilicho wazi kinaweza kukaa mahali pake kwa utulivu kabisa, ilimradi hakuna mtu anayevuta uzi.

Nikiwa nimesimama mbele ya kioo cha sebuleni, vitanzi 242 vimekaa wazi kiunoni, hodi ikapigwa. Mama mkwe.

Alikuwa njiani kwenda safari ndefu na alitaka kitabu cha kumsogezea muda garini. Mimi nikasalimia kwa adabu, nimesimama wima, sijongei, mikono nimeishusha kando kuficha ukingo. Mke wangu, bila kuniuliza, akabandua vibanio, akaifunga ile riwaya, akamkabidhi mama yake. Nilikuwa nimebakiza kurasa thelathini hivi. Nikafungua mdomo.

"Ahsante sana, baba," mama mkwe akasema. "Mungu akuzidishie."

Nikaufunga.

Mke wangu akatoka kumsindikiza mpaka getini. Mimi nikabaki mlangoni nikipunga mkono kwa uangalifu. Ndipo nikahisi kitu kinanitekenya kiunoni, kinatambaa kutoka kushoto kwenda kulia, kinapita mgongoni, kinarudi mbele. Nikapiga kofi. Kikaja tena, njia ileile, kasi ileile. Mdudu gani huyu mwenye ratiba? Nikainama kuangalia. Sweta lililokuwa limefunika nyonga lilikuwa limeshafika kitovuni, na kutoka kitovuni uzi ulikuwa umenyooka, unapita kizingiti, unakatiza uani, unatokomea getini.

Raundi moja ya sweta lile inakula mita tatu na ushee. Mama mkwe, umri wake usikudanganye, ni mwendaji hodari.

Najua mnachotaka kusema: kata. Ndiyo, kata! Uzi wa mkupuo ule, donge la mwisho, niukate niwe na fundo tumboni maisha yangu yote? Hapana. Kichwani nilishapata njia ya kitaalamu zaidi. Kufumuka kunahitaji uzi uliokazwa. Uzi ukilegea, vitanzi vinatulia. Na namna ya kuulegeza ni kukimbia kwa kasi inayomzidi mama mkwe.

Nikatoka mbio.

Utaalamu ulifanya kazi kuanzia mlangoni hadi getini, nikikimbia na kuukusanya uzi mkononi. Getini nikapishana na mke wangu anarudi. Aliniangalia kuanzia juu, akafika katikati, akasimama hapo. "Baba watoto, unakwenda wapi hivyo?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Jirani mmoja naye akaona huo ndio wakati wa kuniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia nzuri. Akauliza na watoto. Nikamwambia wazima. Akauliza na kazi, na kufikia hapo uzi ulikuwa umeshakaza tena na sweta linapanda mbavuni.

Mbele kule mama mkwe alikuwa anafungua mlango wa gari.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, usipande!"

Ukisikia hivyo kwa sauti ya mkweo, unafikiria nini? Aligeuka na kuona mwanamume anamjia mbio, tumbo nje, nyuzi zimemtanda mkono mzima. Akashika kifua.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Ni kitabu."

"Kitabu kimefanya nini?"

"Kimefungwa kwangu."

Akafungua zipu ya mkoba taratibu. Akakitoa kitabu. Akauona uzi unatoka katikati ya kurasa, akaufuata kwa macho, mita kwa mita, mpaka ulipoishia, na alipofika ulipoishia akayahamishia macho kwenye gari kwa heshima zote. Dereva yeye hakuyahamisha.

"Niliona umeweka alama yako," akasema akiwa bado anaangalia gari. "Nikasema nisiitoe, nitakupotezea ulipofikia. Mimi siwapendi kabisa wanaochomoa alama za wenzao."

Nikamweleza habari za mkupuo wa rangi, na donge la mwisho, na kwa nini haikuwezekana kukata. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akaushika uzi na kuukata. Kwa vidole, tap! Mimi nikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu.

"Nipe huo mkono wako."

Akazichambua ncha mbili zilizokatika mpaka zikawa manyoya. Akazipitisha ulimini. Akazilaza kiganjani mwangu, moja juu ya nyingine, akaanza kuzisugua kwa kiganja chake, haraka haraka, mpaka nikahisi joto. Akaondoa mkono. Nikavuta upande huu, nikavuta upande ule. Uzi ulikuwa mmoja. Nikatafuta pa kuungia, sikupaona.

"Sufu huungwa kwa mate, baba," akasema. "Yale magamba yake yakipata unyevu na joto yanashikana, hayaachani tena. Nimewafumia watoto wote wale, hujapata kuambiwa?"

Sijapata. Mtoto wake mmoja anaishi nyumbani kwangu na ameniangalia nikihangaika na donge la mwisho wiki nzima, hajatamka neno.

Mama mkwe akakata kipande kingine cha urefu wa kidole, akakilaza kwenye ukurasa wangu ili alama ibaki, akanikabidhi uzi uliosalia na kukirudisha kitabu mkobani. Akapanda gari. Kioo kikashuka.

"Baba."

"Naam, mama."

"Muuaji usiniambie."

Sikumwambia. Ningemwambiaje, na kurasa zangu za mwisho alikuwa nazo yeye? Gari likaondoka, nami nikabaki pale barabarani, sweta limeishia kifuani, nikijaribu kukumbuka kama ufunguo ulikuwa mfuko wa kulia au wa kushoto wa marehemu.