Kikombe cha Babu na ile hoja ya "mbona fulani alipona?"

Ukitaka kujua Watanzania tunabishana vipi achana na bunge, nenda kijiweni halafu taja kikombe cha Babu. Miaka zaidi ya kumi imepita na bado atatokea mtu akuambie "mama yangu mdogo alikunywa na sukari ikashuka, wewe unasemaje?" na hapo mjadala umeisha, maana nani ana ubavu wa kumwambia mtu mbele ya watu kwamba mama yake mdogo ni muongo.

Kwa wale mliokuwa wadogo: mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema kaoteshwa dawa na Mungu. Yuko kijijini Samunge, Loliondo, anachemsha mizizi ya mti unaoitwa mugariga, unapewa kikombe kimoja tu, unalipa shilingi 500 unaondoka zako. Ukimwi, kisukari, kansa, pumu, presha, vyote humo humo. Nchi ikahamia Loliondo aisee. Nauli zikapaa, foleni ya magari ikavuka kilometa 20, watu wakatoka mpaka Kenya na Uganda, mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe akaomba watu wapya wasije kwanza mpaka Aprili 1 ili waliopo wapungue. Wengine walitolewa hospitali wakiwa hoi na wakafia njiani kabla hata hawajakiona kikombe.

Sasa turudi kwa mama mdogo. Mimi sisemi anadanganya, na nadhani hapo ndo wabishi wengi wanapojikwaa, wanaanza kupinga kilichotokea wakati kilichotokea huenda kimetokea kweli. Alikunywa, kweli. Sukari ikashuka, inawezekana kabisa. Ila kati ya hizo sentensi mbili kuna neno limeingizwa kimya kimya, "kwa sababu", na hilo ndo halijathibitishwa na mtu yeyote. Kitu kutokea baada ya kingine hakutoshi kusema cha kwanza ndo kimesababisha cha pili.

Hebu fikiria mgonjwa wa kisukari anaenda Loliondo lini? Anaenda akiwa amezidiwa, siyo wiki ambayo anajisikia poa. Na haya magonjwa yana tabia ya kupanda na kushuka, kwahiyo ukimpima mtu siku yuko juu kabisa halafu ukampima tena baadae, kuna uwezekano mkubwa utamkuta ameshuka hata kama alichokunywa ni maji ya bomba. Ongeza hapo kwamba amekaa porini kwenye foleni siku kadhaa, anakula kwa shida, hana soda wala chapati za asubuhi, na kuna waliokuwa wanameza dawa zao za hospitali kama kawaida ila sifa zote zikaenda kwenye kikombe.

Ukimwi ndo hatari zaidi na hapa sitanii. Mtu anayetumia ARV vizuri akiziacha leo haanguki kesho. Virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache lakini yeye mwenyewe anaweza kujisikia mzima miezi mingi, anakula, anafanya kazi, anaongezeka hata kilo. Kwahiyo anakunywa kikombe, anaacha dawa, mwezi wa pili yuko fiti, anasimama anatoa ushuhuda na anaamini kila neno analosema, redio inarusha. Akija kuzidiwa mwaka unaofuata hakuna mtangazaji aliyebaki pale, na ndugu zake wanasema kwa sauti ya chini kwamba aliugua homa. Ushuhuda wa kwanza tunao sote kichwani, wa pili hatunao, halafu tunahesabu na kusema wengi walipona. Maiti haitoi ushuhuda bwana. Waliokunywa na wasione mabadiliko yoyote nao hawakuwa na cha kusimulia, nani angewasikiliza?

Hili nalipa uzito kuliko makosa mengine yote ya hoja kwa sababu halionekani. Mtu akikutukana badala ya kukujibu unaona. Mtu akisema "mawaziri nao wamekunywa" unaweza kumjibu hapo hapo kwamba waziri kujua siasa hakumfanyi ajue virusi. Akisema "watu wote wale walikuwa wajinga?" unamwambia wingi wa watu unapima jinsi habari ilivyosambaa na jinsi watu walivyokuwa na shida, haupimi dawa. Lakini mashuhuda ambao hawakuja, utawaonaje? Lazima ukumbuke mwenyewe kuuliza, na wale wengine wako wapi?

Halafu kulikuwa na masharti. Dawa lazima upewe na mkono wa Babu, na unywee pale pale Samunge, ukichemsha mizizi ile ile nyumbani kwako haifanyi kazi. Na lazima uwe na imani. Unaona mtego? Aliyepona, dawa imefanya kazi. Ambaye hakupona, imani yake ilikuwa haba. Ukimpa mgonjwa wako bila mkono wa Babu na asipone, ulikiuka sharti. Hakuna tokeo lolote duniani ambalo lingeweza kusomeka kama "dawa haifanyi kazi", na dai la namna hiyo watu huliona lina nguvu sana eti kwa vile halijawahi kushindwa. Litashindwaje wakati mlango wa kushindwa umepigwa misumari!

Na ile ya "basi wewe thibitisha kuwa haiponyi". Nilishawahi kukaa na jamaa mmoja akanikomalia na hiyo safari nzima ndani ya daladala mpaka kondakta akaingilia. Mwenye dai ndo anabeba mzigo, kama ni mahakamani vile, ukisema ng'ombe ni wako ulete ushahidi, usiniambie nithibitishe siyo wako.

Sasa niwageukie wenzangu, wale tuliokuwa tunapinga, maana na sisi tulikuwa na madudu yetu. Hoja yetu kubwa ilikuwa ipi? "Washamba hao, hawajasoma." Kwanza siyo kweli, Samunge walienda watu na magari ya serikali, walienda wabunge, walienda wenye digrii zao, wengine kwa helikopta. Pili hata ingekuwa kweli, elimu ya mnywaji haikuambii chochote kuhusu kilichomo kikombeni. Nyingine ilikuwa "mzizi wa mti utatibuje ugonjwa?" na hii mbona ni aibu zaidi, maana kwinini imetoka kwenye gamba la mti, dawa mseto ya malaria tunayomeza sasa hivi ina kiini kilichotolewa kwenye mmea wa artemisia, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Hata metformin, vidonge ambavyo mama mdogo pengine anavimeza mpaka leo, asili yake ni utafiti wa mmea mmoja wa Ulaya unaoitwa galega.

Nikifika hapo mshabiki wa Babu anaruka juu, "unaona sasa!" Tulia. Kwamba baadhi ya mimea inatibu haimaanishi mmea huu unatibu. Na artemisia haikupita kwa sababu kuna shuhuda kaipigia makofi, watu walitengeneza dondoo, wakajaribu kwa wanyama, wakajaribu kwa binadamu, wakahesabu waliopona na ambao hawakupona. Tiba asili na hospitali siyo Simba na Yanga kwamba lazima uwe upande mmoja. Ila hivyo ndo tulivyopangwa, ukiuliza swali kuhusu kikombe wewe kibaraka wa wazungu, ukisema mti unaweza kuwa na dawa wewe mshirikina, na aliye katikati anapigwa mawe na pande zote.

Miaka tisa baadae tukarudia mtihani ule ule. Mei 2020 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikarudi na majibu ya corona. Tuchukue kwamba ilitokea hivyo hivyo alivyosema, inatufikisha wapi? Inatufikisha kwenye "kipimo hiki kikague upya", basi. Lakini mtaani watu waliruka kutoka papai moja kwa moja mpaka "kwahiyo corona hakuna", kana kwamba mashine inayokosea inakosea upande mmoja tu. Kama haiaminiki basi inaweza kuwa inatuzidishia wagonjwa na inaweza kuwa inatupunguzia. Nyungu nayo ilikuwa hivyo hivyo, "nilijifukiza siku tatu nikapona". Walio wengi waliougua corona walipona, wenye kujifukiza na wasiojifukiza, kwahiyo kupona kwako peke yake hakunipi habari yoyote kuhusu mvuke. Unisamehe.

Nimeona pia kuna vijana wamesoma orodha za makosa ya kimantiki na wanazitumia kama rungu. Ukimwambia mwenzako "wewe mpumbavu" anakujibu kwa Kilatini, ad hominem, yaani umemshambulia mtu badala ya hoja yake, halafu anajiona ameshinda. Tusi siyo kosa la kimantiki mpaka ulitumie mahali pa sababu. "Umekosea hesabu mstari wa pili, halafu mpumbavu wewe" ni adabu mbaya lakini hoja imesimama. Na kuuliza nani ananufaika siyo dhambi, kama aliyekuwa anahamasisha safari za Loliondo ndo mwenye mabasi, nina haki ya kuupunguzia uzito ushuhuda wake. Sina haki ya kusema kwahiyo dawa ni feki, hilo linahitaji kazi nyingine. Tena hoja mbovu haifanyi jambo lenyewe kuwa la uongo, mtu anaweza kufika mahali sahihi kwa njia ya ovyo kabisa.

Ndo maana siku hizi nikibishana sitaji jina la kosa lolote. Nauliza tu: kabla hatujaendelea, niambie ungeona nini ndo ungekubali kwamba haifanyi kazi? Wapo wanaojibu vizuri, wanasema apimwe kabla na baada, hospitali moja, wagonjwa wengi, na wengine wasipewe dawa ili tulinganishe, na hapo tunaongea kama watu wazima. Akijibu "hakuna kitu kitakachonibadilisha" namwagizia chai na tunahamia kwenye mpira.

Babu Mwasapile alifariki Julai 2021, mzee wa miaka zaidi ya 80. Maneno yakaanza, "kama alikuwa anaponya mbona amekufa?" na watu wakacheka sana. Mimi siamini kikombe kile kiliponya ukimwi wala kisukari cha mtu, lakini hoja hiyo ni takataka. Mzee hakuwahi kusema dawa yake inazuia kifo, na madaktari bingwa wa moyo nao wanakufa kwa moyo.