Twiga Asiyesema Asante

Kijana wangu ana miaka 9 na ana usonji, na kitu anachokichukia kuliko vyote ni jambo lisilotangazwa mapema. Kwa hiyo nilipoamua kumpeleka Entebbe, kwenye bustani ya wanyama iliyo ukingoni mwa ziwa, ili akamlishe twiga kwa mkono wake mwenyewe, nilijipa wiki 3 za kumwandaa. Kosa la kwanza lilikuwa la lugha. Nilimwambia tu kwamba tunakwenda bustani ya wanyama, naye, ambaye bustani anayoijua ni ile ya bibi yake hapa Bombo, yenye mihogo na mchicha, akaniuliza wanyama hao hupandwa mwezi gani.

Nikaacha maneno, nikachora. Zilitoka picha 8 kwenye kadi ngumu, zikiwa zimefungwa kwa uzi: teksi, lango, kunawa mikono, kushika tawi kwa ncha yake, kutompa twiga mgongo, twiga akichukua majani, kunawa tena, na mwisho soda. Kila hatua ikikamilika angeiwekea alama ya vema kwa kalamu. Kando yake niliweka kadi nyekundu isiyo na picha, ambayo maana yake ilikuwa moja tu: mtu akizidiwa na hofu, inainuliwa, anasema "Basi", na sote tunarudi hatua 3 nyuma bila kuulizana chochote. Mpaka hapo nilikuwa nimefanya kazi ya maana. Ila kwenye picha ya sita, kwa kujiona msanii, nikamchora twiga akitokwa na maneno mdomoni: "Asante sana." Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo.

Baada ya kuchora kulifuata mazoezi. Ulimi wa twiga hufikia sentimita 45 hadi 50, ni mweusi wa kuelekea rangi ya bilinganya, na mate yake ni mazito ya kunata, mambo ambayo mtoto asiyependa kuguswa na kitu chenye majimaji hapaswi kuyajua kwa mara ya kwanza mbele ya twiga mwenyewe. Nikachukua soksi yangu ndefu nyeusi, nikaipima kwa futi ya fundi cherehani, nikaichovya kwenye bamia za mke wangu (ambaye hadi leo hajalisahau jambo hilo), nikaiuma ncha yake, kisha nikapanda juu ya stuli ya jikoni. Mwanangu alininyoshea tawi la mfenesi, nami nikalivuta, nikaitema soksi na kusema kwa sauti nzito, "Asante sana." Siku ya kwanza alikimbilia chumbani. Siku ya tano aliipapasa soksi kwa kidole kimoja. Siku ya kumi alikuwa akinilisha na kucheka, na ndipo Hajati jirani alipopiga hodi na kuingia kuomba chumvi. Alinitazama pale juu, bamia zikinichuruzika kidevuni, akaomba radhi, akaondoka bila chumvi.

Siku yenyewe tulipanga kufika mapema kabla ya mabasi ya shule, lakini teksi ya Kampala haiondoki stendi mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, kwa hiyo tuliingia langoni pamoja na watoto wa shule wasiopungua arobaini. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Yeye alivaa vifuniko vyake vya masikio vya kuzuia kelele, akaweka alama kwenye picha ya pili, akaenda kunawa.

Mbele ya twiga alinishangaza. Nilikuwa nimemweleza kwamba twiga hana meno ya mbele kwenye taya la juu, naye alishika tawi kwa ncha yake, akainama kidogo na kuchungulia kinywani kuhakikisha. Ulimi ule mweusi ukatoka, ukajizungusha kwenye tawi kama kamba, ukayakokota majani yote kwa mara moja, na utelezi ukabaki kwenye vidole vyake. Hakustuka. Alisimama tu, kalamu mkononi, akimtazama twiga anayetafuna.

"Hajasema," aliniambia.

Mtunzaji, mtu mpole sana, alimweleza kwamba twiga hawasemi. Mwanangu akamwonyesha picha ya sita. Mtunzaji akaisoma, akanigeukia mimi, na foleni nzima ikanigeukia pamoja naye. Nikakohoa, nikasema kwa ile sauti nzito, "Asante sana."

"Baba, wewe uko chini."

Alikuwa na haki, kwani nyumbani twiga alizungumza akiwa juu. Pale jukwaani palikuwa na kibao cha kuwasaidia watoto wafupi, nami nikakipanda, nikamwelekea mwanangu na kadamnasi ya sare za bluu, nikavuta pumzi. Picha ya tano, niliyoichora kwa mkono wangu, ilikuwa imenitoka kabisa akilini. Nilifika kwenye "Asan" tu, na kitu cha moto, chenye maji na makwaruzo kama msasa, kikanipanda kutoka kisogoni hadi utosini, kikaondoka na kofia yangu ya darizi.

Ukemi nilioupiga sikujua kwamba ninao. Mwanangu hakusita hata kidogo: aliinua kadi nyekundu mbele ya uso wangu, akasema "Basi" kwa niaba yangu, akanishika mkono na kunirudisha nyuma, moja, mbili, tatu, huku watoto wote wa shule wakimsaidia kuhesabu. Hakuniuliza chochote. Mtunzaji alibadilishana na twiga, tawi kwa kofia, na kofia ikarudi ikiwa nzito kuliko ilivyoondoka.

Mwanangu akaitazama picha ya saba, ambayo ilikuwa na mikono miwili na bomba, akafikiri, kisha akachora kichwa pembeni. Penye bomba nikainama, akanimwagia maji na kunisugua kwa sabuni hadi akaridhika. Nilipoinuka alikuwa bado amesimama, kalamu ikiwa tayari, akinitazama juu usoni.

"Asante sana," nikasema, kwa sauti nzito, maji yakinitiririka shingoni.

Akarudi kwenye picha ya sita, akaiwekea vema, kisha akaniuliza soda inauzwa wapi.