"Kwani huko kuna nini? Mawe?"

Hayo yalikuwa maneno ya makanga nilipomwomba atushushe Hyrax Hill, kile kilima chenye makumbusho hapa Nakuru, Jumamosi iliyopita. Matatu nzima ikacheka. Nilinyamaza kwa sababu mjomba alikuwa kando yangu, na mbele yake siropoki. Hapa naropoka.

Sisi watu wa Nakuru tuna ugonjwa. Mgeni akija tunamkimbiza ziwani kuona heroe, hata baada ya maji kupanda na heroe wengi kuhamia Bogoria. Tangu Desemba 2021 tunajiita jiji. Jiji lenye kilima ambako watu waliishi na kuzikana karne nyingi kabla ya reli, nasi tunakipita kila siku kwenye barabara ya Nairobi bila kugeuza shingo.

Haya, nakubali: jumba lenyewe ni dogo. Ni nyumba ya shamba la mzungu iliyofanywa makumbusho mwaka 1965, na mwenye haraka ataimaliza kabla chai yake haijapoa. Hata pimbi (ndio "hyrax" wa Kiingereza) waliokipa kilima jina hujitokeza wakipenda wao.

Lakini toka nje, upande kilimani. Huko kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, yale mabonde ya duara yaliyoota nyasi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba kilima hiki mwaka 1937 na 1938, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mashimo ya namna hii yalikuwa nyumba za watu. Mjomba amekulia nyuma ya ng'ombe kule Marakwet na shule aliiachia darasa la nne. Alizunguka shimo moja mikono ikiwa mgongoni, akatazama mlango, akatazama rundo lililo nje yake, kisha akaguna.

"Mpwa wangu, hili ni zizi. Mlango umeelekea mteremkoni ili samadi na maji ya mvua vitoke. Nani angelala humu?"

Na ndivyo wanaakiolojia walivyokuja kukubali baadaye: ng'ombe walilala shimoni, watu kwenye vibanda vilivyoegemea ubavuni. Wao walihitaji miaka na majembe. Mjomba alihitaji dakika tano na fimbo.

Ndiyo maana nakasirika. Makumbusho tumeyafanya ya watoto wa shule, waliopangwa foleni na daftari mkononi, wananakili bila kuinua macho. Wazee, ambao wangeyasoma mashimo haya kama gazeti, tunawaacha nyumbani wafukuze kuku kwenye mahindi. Mimi mwenyewe nimeishi Nakuru miaka kumi na moja kabla ya kumleta huyu mmoja. Kwa hiyo makanga simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Juu kidogo kuna bao lililochongwa mwambani, safu za vishimo vilivyolainishwa na vidole vya watu tusiowajua majina. Mjomba alichuchumaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya kabati zote za ndani. Alihesabu vishimo kwa midomo, akasema waliocheza hapa bila shaka walikuwa wachungaji wavivu, ng'ombe wakila shamba la mtu.

Tuliporudi barabarani, matatu iliyosimama ilikuwa ileile. Makanga akatutambua. "Mzee, uliona mawe?"

"Nimeona zizi la babu yako," mjomba akajibu, akapanda.

Nauli ilikuwa imepanda shilingi ishirini. Mvua, alituambia.