Rambo lililozikwa Jangwani

Ukisimama darajani Jangwani, Dar es Salaam, wakati katapila linazoa tope baada ya masika, utaona ukingo wa Mto Msimbazi umekatwa kama keki ya harusi: mchanga, tope jeusi, rambo, mchanga tena, rambo. Wenzetu wa Kenya wangesema juala. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na bado kila mvua kubwa inaifukua ya miaka ile. Picha hiyo ndiyo inayotawala mjadala wetu wa plastiki mitoni. Naona inatupoteza kidogo, kwa sababu rambo tunalolipigia kelele si plastiki yenye kemikali za kuogopesha zaidi, na zile zenye kemikali hizo tunapishana nazo kila siku bila kuzitazama mara mbili.

Kwanza niwape haki yao wanaosema tunakuza mambo kuhusu kemikali za plastiki. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, na mvua ikinyesha unapokea vyoo vinavyotapishwa usiku. Mtoto anayeishi mtaa wa Kigogo, jirani na mto, akiugua baada ya mafuriko, daktari hatafuti kemikali za plastiki. Anatafuta kipindupindu na homa ya matumbo, na ana sababu. Hata Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu chembechembe za plastiki kwenye maji ya kunywa, lilisema kwa ushahidi uliokuwepo hatari yake kwa afya inaonekana ndogo, likazitaka nchi zitangulize vijidudu na kemikali ambazo madhara yake yanajulikana.

Na kwa wanaohofia kwamba kemikali za plastiki huvuruga homoni, kuna kisa cha samaki wa Uingereza. Miaka ya 1990 watafiti waliwakuta samaki dume wa mtoni, karibu na mitambo ya kusafishia majitaka, wakiwa na mayai ndani ya korodani. Kemikali za viwandani zilikuwa miongoni mwa washukiwa. Uchunguzi ulipoendelea, mshitakiwa mkuu akaonekana yuko nyumbani: homoni za kike zinazotoka kwenye mkojo wa binadamu, pamoja na ile ya vidonge vya uzazi wa mpango. Kemikali za viwandani hazikuachiwa huru, ila hazikuwa kinara.

Na wataalamu wenyewe hawajapatana. Aprili 2023 Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilishusha kiwango cha bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, ambacho mtu anaweza kumeza kila siku bila wasiwasi hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake, mara 20,000 chini ya kile cha zamani. Mwaka huohuo taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari kama hizi ilipiga hesabu zake, ikaja na nanogramu 200. Tofauti ya mara elfu moja, kati ya watu wanaokula mkate mmoja.

Basi upande huo si wa watu wajinga. Ila unaizungumzia plastiki kama vile ni kitu kimoja, na sivyo. Plastiki ni kama pilau: mchele unaweza kuwa uleule, viungo ndivyo vinavyotofautisha sufuria na sufuria. Mwaka 2024 timu ya wanasayansi wa Ulaya iliorodhesha kemikali zaidi ya 16,000 zinazotumika au kukutwa kwenye plastiki, na zaidi ya 4,200 kati yake zikawekewa alama kuwa zina madhara. Rambo ni polithini, karibu mchele mtupu. Chupa ya maji ya nusu lita nayo husingiziwa mengi: haitengenezwi kwa bisfenoli A wala haihitaji thaleti, yaani vile vilainishi vinavyotiwa kwenye plastiki. Bisfenoli A itafute kwenye madumu magumu ya maji ya ofisini ya polikaboneti, kwenye utando wa ndani wa makopo ya vyakula, na kwenye baadhi ya karatasi za risiti, zile tunazozidai dukani kisha tunazitupa mlangoni zikasombwe na mtaro.

Thaleti nilioneshwa na mkulima wa mchicha bondeni, bila yeye kujua. Alikuwa anamwagilia kwa pampu, akanipa nishike mpira wake wa mwaka juzi. Ulipokuwa mpya, alisema, ulijikunja kama mkanda. Sasa ukiukunja unapasuka kama muwa mkavu. "Jua limeula," akasema. Jua limechangia, kweli. Lakini mpira laini wa PVC unaweza kubeba vilainishi hadi theluthi ya uzito wake na zaidi, na vilainishi hivyo havikufungwa kwenye plastiki. Vimelala tu ndani yake kama mafuta kwenye chapati. Ulaini ulioondoka umekwenda mahali: hewani, udongoni, na kwenye maji yaliyopita katikati ya matuta kurudi mtoni.

Mwenye shaka atajibu kwamba thaleti na bisfenoli A si DDT, ile dawa ya wadudu, haziishi miaka na miaka. Sawa kabisa. Kwenye mto wenye hewa ya kutosha, bakteria huzila ndani ya siku au wiki chache. Lakini bakteria hao wanahitaji oksijeni, na mto uliojaa kinyesi na damu ya machinjio hauna oksijeni ya kugawa. Kwenye tope lile jeusi linalonuka mayai viza, bisfenoli A hubaki karibu kama ilivyoingia, na vilainishi vizito huoza polepole mno. Kwa hiyo majitaka yanaitunza sumu ya plastiki, na plastiki nayo inaziba mitaro hadi majitaka yanarudi vyumbani kwa watu. Anayesema "vyoo kwanza, plastiki baadaye" yuko sahihi kuhusu pesa ziende wapi kwanza. Amekosea kudhani ni foleni mbili.

Kwa jicho hilo, marufuku ya rambo nayo naiona tofauti kidogo. Ni sheria nzuri ya mitaro. Kama sheria ya sumu, haijagusa kitu.

Viwanda vina neno lao pia, kwamba plastiki imewarahisishia watu maisha, na silidharau. Bibi yangu alibeba maji kwa mtungi wa udongo, mama kwa debe la bati, dada zangu kwa dumu la mafuta ya kula lililooshwa. Huwezi kumwendea dada huyo na orodha ya kemikali 16,000 ukamwambia arudi kwenye mtungi. Lakini utetezi huo hauhitaji kemikali iwe siri, na huko ndiko ugomvi wa dunia ulikofika. Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliamua uandikwe mkataba wa plastiki. Mazungumzo yakakwama Busan Desemba 2024, yakakwama tena Geneva Agosti 2025. Nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, zilitaka mkataba uguse uzalishaji na kemikali zenyewe. Baadhi ya zinazochimba mafuta zikataka uishie kwenye taka, yaani kwenye rambo letu la Jangwani.

Mimi ningeanza na kidogo kuliko marufuku: anayeingiza au kutengeneza plastiki laini aandike ameilainisha kwa nini. Vilainishi mbadala vipo sokoni, na Ulaya ilianza kuzibana baadhi ya thaleti kwenye vitu vya kuchezea watoto tangu 1999. Bei itapanda, najua, na mkulima wa mchicha ndiye atakayeihisi kabla yangu. Walau atakuwa na cha kuchagulia. Wiki ile nilipita Kariakoo kuuliza bei ya mpira kama wake. Muuzaji akanikunjia ncha nione ulivyo laini. Nikamuuliza umelainishwa na nini. Akaligeuza lile roli mara mbili kutafuta lebo, akaisoma kwa sauti: nusu inchi, mita hamsini.